Likizo ya familia Mafia pamoja na kupiga mbizi: anza kupanga na siku ya kurudi

Familia nyingi zikisema "twende kisiwani" huwa zinafikiria Unguja, na hakuna ubaya. Lakini kama katika safari yenu kuna mtu anayetaka kuvaa mtungi wa hewa na kushuka kuyaona matumbawe, na kuna watoto ambao hata kuogelea ndio wanaanza, mimi nawaelekeza Mafia. Ghuba ya Chole, upande wa mashariki wa kisiwa, inakingwa na visiwa vidogo vya Juani na Jibondo dhidi ya mawimbi ya bahari kuu, kwa hiyo karibu kila siku kuna sehemu yenye maji yaliyotulia. Ghuba hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Tena kisiwa chenyewe ni kitulivu. Hakuna msururu wa boti zinazogombania mwamba mmoja.

Safari ya namna hii huharibika kabla haijaanza, pale mezani mnapopanga. Watu hulipia ndege, wakalipia hoteli, halafu kupiga mbizi wakakuchomeka popote palipobaki nafasi. Fuateni mpangilio tofauti: bahari kwanza, tarehe baadaye.

Hatua ya kwanza: tazama upepo, kisha mwezi

Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, na ukali wake huwa Juni na Julai. Kaskazi huingia Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Machi. Kati ya pepo hizo mbili, hasa Oktoba na Novemba, bahari hulala na maji huwa meupe. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, ni wakati wa kukaa nyumbani. Baadhi ya hoteli za Utende, kijiji kilicho kando ya ghuba, hufunga, na mvua huchafua maji.

Kwa wenye watoto wa shule, likizo ya Desemba ndiyo bora. Maji ni ya moto, unaweza kutoka nje ya ghuba siku nyingi, na papa potwe, wale papa wakubwa wasiodhuru watu, wako karibu na Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa. Likizo ya Juni si ya kutupa, kwani hali ya hewa ni ya baridi kidogo na ndio wakati mayai ya kasa huanza kuanguliwa Juani. Ila ukichagua Juni kubali kwamba mbizi nyingi zitakuwa ndani ya ghuba, na usimlaumu nahodha akikataa kutoka nje.

Sasa mwezi. Hili wageni wengi hawalijui, ilhali kila mvuvi wa Mafia analo kichwani. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana asubuhi, saa nne hivi, na kujaa jioni kwenye saa kumi. Tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Maji mengi kiasi hicho yakiingia na kutoka ghubani kwa saa sita, mkondo wake una nguvu, hasa kwenye Mlango wa Kinasi, pale ghuba inapofunguka kwenda bahari kuu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi kwenye saa nne au tano, mkondo hupoa, na boti inaondoka bila watu kutembea kwenye tope na mabegi vichwani.

Kwa familia yenye mtu anayejifunza, chagua wiki ambayo mwezi utakuwa nusu katikati yake. Fungua kalenda ya mwezi kwenye simu kabla ya kulipia chochote. Wazamiaji wazoefu wanaopenda kubebwa na mkondo wanaweza kuchagua bamvua, lakini hiyo ni safari nyingine.

Kumbuka pia kwamba maji husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku. Mkiondoka saa tatu leo, kesho mtaondoka karibu saa nne. Ukiambiwa saa ya boti imebadilika, si uzembe. Watu hawa wanasoma maji vizuri, na mbizi nzuri ni ile inayofanywa maji yanapojaa, kwa sababu ndipo maji safi ya bahari kuu huingia ghubani. Maji yakipwa hubeba mchanga na uchafu wa mikoko kwenda nje, na usioni mbali.

Hatua ya pili: hesabu siku kinyumenyume

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukipumua hewa ya mtungi chini ya maji, naitrojeni huingia mwilini zaidi ya kawaida kwa sababu ya mgandamizo. Ukipanda taratibu, mwili unaitoa wenyewe kwa saa kadhaa. Ukipanda haraka, au ukipanda ndege kabla haijaisha, hutokea kile kinachotokea kwenye chupa ya soda ukiifungua ghafla: vipovu. Vipovu hivyo vikikaa kwenye viungo ni maumivu. Vikikaa kwenye uti wa mgongo au ubongo ni ulemavu au kifo.

Shirika la Divers Alert Network, DAN, ambalo wapiga mbizi duniani hulifuata kwa mambo ya usalama, linashauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au mbizi za siku mfululizo. Mimi kwa familia, na kwa watoto hasa, nasema saa 24 na hakuna mjadala. Wala usidanganywe na ufupi wa safari. Ndege ndogo za Mafia hufika Dar es Salaam kwa nusu saa tu, lakini nyingi hazina mfumo wa kuongeza hewa ndani, na mwili unachojali ni kimo, si dakika.

Kwa hiyo chukua tarehe ya kurudi uanze kurudi nyuma. Tuseme ndege yenu ni Jumapili saa nne asubuhi. Basi mbizi ya mwisho iwe imekwisha Jumamosi kabla ya saa nne, na kwa kuwa bahari haipangiki hivyo, chukulia kwamba mbizi ya mwisho ni Ijumaa. Jumamosi yote iwe ya kisiwa cha Chole, ya magofu ya Kua, ya kula pweza. Mkiweka siku kavu mwishoni tangu mwanzo, hakuna atakayeshawishika na "mbizi ya mwisho moja tu" kwa sababu bahari imetulia ghafla.

Wengine husahau nyanda za juu. Familia inayorudi Arusha, Iringa, Mbeya au Nairobi kwa gari inapanda zaidi ya mita elfu moja, na tahadhari hizo za DAN huanza kuhesabiwa kwenye kimo cha mita 600. Basi la usiku kutoka Dar kwenda Iringa ni sawa na ndege kwa hesabu hii. Walioko ughaibuni nao wahesabu ndege kubwa ya kurudi Muscat au London pamoja na ile ndogo ya kutoka kisiwani.

Wanaorudi Dar kwa njia ya Nyamisati, yaani kwa boti kisha gari, wana nafuu, kwa sababu safari yote ni usawa wa bahari. Hata hivyo wasibebe mizigo mizito mara tu baada ya kutoka majini.

Siku ya kufika nayo usiipange mbizi. Watu wamechoka, watoto hawajalala, na mwili uliokaukiwa maji haufai kwenda chini. Kwa hesabu hii, likizo ya siku tano inatoa siku mbili za baharini. Kama kuna mtu anataka kufanya kozi kamili, wiki nzima ndiyo inayotosha.

Hatua ya tatu: nani atashuka na nani atabaki juu

Kaeni chini na mpange kwa majina. Shirika la mafunzo ya kupiga mbizi la PADI, ambalo vituo vingi vya Tanzania hufuata taratibu zake, lina viwango vya umri vilivyo wazi. Mtoto wa miaka 8 au 9 anaweza kujaribu kupumua kwa mtungi kwenye bwawa au maji tulivu yasiyozidi kina cha mita 2. Kuanzia miaka 10 anaweza kufanya mbizi ya kuonja akiwa na mwalimu, isiyozidi mita 12, au kuanza kozi ya cheti cha watoto. Mwenye cheti wa miaka 10 na 11 haruhusiwi kupita mita 12, na lazima awe na mzazi au mlezi mwenye cheti, au mtaalamu wa PADI. Wa miaka 12 hadi 14 anashuka hadi mita 18 akiwa na mtu mzima mwenye cheti.

Hivyo ni viwango vya chini kabisa. Mtoto wa miaka 10 anayeogopa kuweka uso majini hajafika, na wa miaka 13 anayeshuka kwa kumfurahisha baba yake hajafika pia. Muulize peke yake, jioni, bila kaka zake kusikia. Akisema hapana, mwamba hauhami.

Afya si jambo la kuficha. Kituo kitakupa fomu ya maswali ya afya, nawe jibu kweli. Pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, upasuaji wa masikio au mapafu, kisukari: vyote vinahitaji daktari kwanza, na ni vyema umwone kabla ya kuondoka nyumbani kwa sababu ukifika kisiwani utakwama. Mjamzito hashuki na mtungi. Mwenye mafua naye hashuki, hata kama alilipa, kwa sababu njia za masikio zikiziba ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Dawa za kufungua pua huweza kuisha nguvu ukiwa chini, na hapo shida huwa wakati wa kupanda.

Kama wazazi wote wawili ni wapiga mbizi na watoto ni wadogo, pokezaneni. Mmoja asubuhi, mwenzake siku inayofuata. Najua mnatamani kushuka pamoja, na kama mmekuja na bibi au shangazi anayewaweza watoto, shukeni. Lakini kumwachia mfanyakazi wa hoteli watoto wawili kando ya maji kwa saa nne si haki kwake wala kwao.

Hatua ya nne: kazi ya nyumbani

Kozi ya cheti cha kwanza huchukua siku tatu au nne. Sehemu ya nadharia husomwa kwenye simu au kompyuta, kwa hiyo imalizeni Dar, Dodoma au popote mlipo, ili siku za Mafia ziwe za maji. Mwanafunzi atatakiwa kuogelea mita 200 bila kikomo cha muda, na kuelea dakika 10 bila msaada. Kama hawezi, miezi miwili ya bwawani kabla ya safari ndiyo kozi yake ya kwanza.

Nunueni miwani ya kuzamia na mrija wa kila mtoto mapema, tena mjaribu. Mtoto avute hewa kwa pua akiwa ameiweka usoni bila kamba. Ikishika bila kuanguka, inamtosha. Miwani inayovuja imewanyima watoto wengi hamu ya bahari kuliko papa wowote. Vifaa vingine, yaani regulata (kifaa cha kupumulia), jaketi la kuelea, mapezi na nguo ya kuzamia, mtapata kituoni, ila tuma urefu, uzito na namba za viatu mapema kwa sababu vya saizi ya watoto ni vichache.

Fundishaneni ishara za mikono mkiwa mezani. Kidole gumba na cha shahada vikifanya duara maana yake ni sawa. Gumba likielekezwa juu maana yake "napanda", si "safi". Mkono ukipepesuka kwa ubavu ni "kuna tatizo", na kisha unaonyesha wapi. Watoto hushika haraka kuliko wazazi.

Hatua ya tano: chagua kituo kwa maswali, si kwa picha

Vituo vingi viko Utende, baadhi ndani ya hoteli. Piga simu uulize, na sikiliza namna wanavyojibu:

- Mwalimu wa mtoto wangu ni nani, ana cheti cha ngazi gani, na atakuwa na wanafunzi wangapi?
- Boti ina oksijeni ya dharura, sanduku la huduma ya kwanza na simu au redio inayofanya kazi nje ya ghuba?
- Mna maboya ya kuvaa ya saizi ya mtoto? Boti ina ngazi ya kupandia?
- Mtu akiugua kwa mgandamizo, mnampeleka chemba ipi (chumba cha mgandamizo wa hewa cha kutibu ugonjwa huo), na kwa njia gani?

Swali la mwisho ndilo linalochuja. Kisiwani kuna hospitali ya wilaya Kilindoni, lakini matibabu ya chemba ni ya mbali, na kituo makini kina jibu lililopangwa tayari. Anayekwambia "hapa hakujawahi kutokea kitu" hajajibu.

Kwa mtoto wa mara ya kwanza mimi ningetaka mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja, hata kama ni kulipa zaidi. Na chukueni bima inayotaja kupiga mbizi kwa jina, kwa sababu bima nyingi za kawaida za safari huiacha nje.

Hatua ya sita: usafiri na mzigo

Ndege ndogo hutoka Dar es Salaam na kutua Kilindoni. Mzigo unaoruhusiwa mara nyingi ni kilo 15, kwenye begi laini. Njia ya pili ni barabara kupitia Mkuranga na Bungu hadi Nyamisati, wilaya ya Kibiti, kisha kivuko au boti hadi Kilindoni. Ni nafuu sana kwa familia kubwa, ila ratiba inaendana na maji, kwa hiyo uliza siku chache kabla, na kataeni boti iliyojaa au isiyo na maboya ya kuvaa. Mnaotapika baharini, kuleni kitu kikavu kabla ya safari na mkae nyuma, macho kwenye upeo wa bahari.

Kutoka Kilindoni hadi Utende ni kama kilomita 15 za lami. Kwenye lango la hifadhi mtalipa kiingilio kinachohesabiwa kwa siku, na raia hulipa kidogo kuliko wageni wa nje. Bebeni vitambulisho vya NIDA, na vyeti vya kuzaliwa au pasi za watoto, msije mkatozwa kwa dola.

Pesa taslimu chukueni Dar au benki Kilindoni kabla ya kwenda Utende. Dawa za kila siku za familia bebeni zote. Malaria ipo, basi chandarua na dawa ya mbu. Wanaotoka nje ya nchi na kunywa doxycycline ya kujikinga na malaria wajue kwamba huifanya ngozi iungue na jua upesi. Badala ya kuwapaka watoto mafuta ya jua mwili mzima kila saa, mafuta ambayo mengine hudhuru matumbawe, wavisheni fulana za mikono mirefu za kuogelea na kofia. Viatu vya kuingilia majini ni lazima kwa kila mtu. Mifuko ya plastiki acheni. Imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na ufukweni ndiko inakoua kasa.

Kina mama na mabinti, chukueni kanga au madira ya kujitanda mkipita kijijini. Mafia ni watu wa dini na wastaarabu, na familia inayojisitiri hupokelewa kama ndugu.

Hatua ya saba: siku za majini

Siku ya kwanza ya bahari iwe ya wote, bila mitungi. Kodini boti mwende kuogelea na mirija ndani ya ghuba, sehemu yenye matumbawe mita mbili au tatu chini. Hapo mtamjua nani yuko tayari na nani bado. Watoto wataona pono akitafuna matumbawe kwa meno yake, mkunga akichungulia shimoni, pengine kasa akila nyasi za bahari. Mimi naamini mtoto aliyepitia siku hii hujifunza mtungi kwa urahisi zaidi, maana hofu ya uso majini imeshaisha.

Siku ya pili na kuendelea ndipo mitungi. Mwalimu atafundisha, lakini mzazi arudie mambo matatu mpaka mtoto ayachoke. La kwanza, usizuie pumzi kamwe. Hewa iliyojaza mapafu kwenye kina cha mita 10 hutanuka mara mbili ikifika juu, na mapafu ya mtu hayatanuki hivyo. La pili, sawazisha masikio mapema kwa kubana pua na kupuliza polepole, kabla hayajauma. Yakiuma, panda kidogo ujaribu tena. Yakigoma, mbizi imekwisha na hakuna wa kukasirika. La tatu, panda taratibu kuliko vipovu vyako vidogo, na mkifika mita 5 simameni dakika 3.

Maji huwa kati ya nyuzi 25 na 30, na watoto bado hupoa haraka. Ukiona midomo imebadilika rangi, mtoe. Kanga kavu na chai ya tangawizi kwenye boti zinafaa kuliko maneno.

Waambieni watoto wasiguse kitu. Matumbawe ya Mafia yaliumia sana mwaka 1998 maji yalipopanda joto na kuyafanya meupe, na sehemu zilizopona zimechukua miaka mingi. Pezi moja lisilotazamwa huvunja kilichokua tangu kabla mtoto hajazaliwa. Pia kuna sababu ya ubinafsi ya kutogusa: viumbe weusi wenye miiba mirefu, na samaki wanaofanana kabisa na jiwe ambao mwiba wao una sumu kali. Aliyechomwa atumbukize mguu kwenye maji ya moto ambayo mwenzake asiyechomwa anaweza kuyavumilia, kisha hospitali.

Mlango wa Kinasi waachieni wenye uzoefu. Ni pazuri kweli, chewa wakubwa, kolekole kwa makundi, taa wakipita, lakini mkondo wake hausubiri anayejifunza.

Papa potwe

Kati ya Oktoba na Machi hivi, papa potwe hula karibu na juu ya maji upande wa Kilindoni. Watafiti waliowafunga vifaa waligundua kwamba wengi hawaondoki kabisa mwaka mzima. Hushuka tu kwenye maji ya kina na kusogea mbali na pwani. Wengi ni madume machanga, na hata hao baadhi yao hupita mita sita. Chakula chao ni dagaa wadogo na viumbe wasioonekana vizuri kwa macho, kwa hiyo watoto wasiogope.

Hawa hutazamwa kwa mrija, bila mtungi, jambo linalomaanisha kwamba asiyeweza kupiga mbizi hakosi kitu. Chagueni nahodha anayezima au kupunguza injini mbali na samaki, asiyemkata njia. Kaeni mbali naye mita tatu au zaidi, zaidi tena upande wa mkia, na asiguswe hata akija mwenyewe. Watu wachache waingie kwa zamu. Mtoto aingie ameshikwa mkono na mtu mzima, akiwa na boya. Ikiwa boti nyingine tano zimemzunguka mmoja, mwambie nahodha wako mtafute mwingine.

Safari hii naiweka kwenye siku kavu ya mwisho mara nyingi, kwa kuwa kuelea juu hakuongezi naitrojeni. Masharti ni kwamba msizamie kwa nguvu kumfuata chini baada ya siku za mitungi.

Siku kavu, na wale wa nchi kavu

Chole ni dakika chache kwa boti. Kuna magofu yaliyomezwa na mizizi ya miti, popo wakubwa wamening'inia mchana kweupe, na mafundi wanaounda mashua kwa mbao na misumari. Juani kuna Kua, mji wa kale wenye misikiti na nyumba za mawe, ulioangamizwa mwanzoni mwa karne ya 19 na wavamizi Wasakalava kutoka Madagaska. Mchukueni mwongozaji wa kijijini. Yeye atawasimulia mengi kuliko ubao wowote.

Juani huko huko ndiko kasa hutaga. Mkija kuanzia Juni hadi Septemba, ulizeni kama kuna kiota kinachotarajiwa. Walinzi wa kasa wa kisiwani, ambao shirika la Sea Sense limefanya nao kazi kwa miaka mingi, huhesabu siku na kuwaita wageni. Ni kutembea kiasi, kwa hiyo mtoto mdogo abebwe. Msiwashike vifaranga, na msiwashe taa.

Mtoto anayependa vita na ndege mwambieni kwamba mwaka 1915 ndege za Waingereza ziliruka kutoka kisiwa hiki kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji hapo ng'ambo, mpaka ikaangamizwa Julai.

Msinunue makombe wala kitu chochote cha gamba la kasa. Nunueni mikeka na mafuta ya nazi.

Mkisharudi

Kwa siku moja au mbili baada ya mbizi ya mwisho, mwangalieni kila aliyeshuka. Maumivu ya bega, goti au kiwiko yasiyo na sababu, ganzi, vipele vyenye madoa kama marumaru, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, kushindwa kukojoa: yoyote kati ya hayo ichukulieni kuwa ni ugonjwa wa mbizi mpaka daktari aseme si. Mkiwa bado kisiwani, mgonjwa apewe oksijeni ya boti mara moja, alale, anywe maji kama ana fahamu zake, na kituo kipige simu ya dharura ya bima. Asirudishwe majini "kuvipoza" vipovu.

Mkiwa mmeshafika nyumbani, mwambieni daktari sentensi ya kwanza kabisa kwamba mgonjwa alikuwa anapiga mbizi, lini, kina gani na mara ngapi, kabla hajaandika kipimo cha malaria. Kwa hiyo kitabu cha kumbukumbu za mbizi, au kompyuta ya kuzamia kama mlikodi yenye kuhifadhi, pigeni picha kurasa zake kabla ya kuondoka Utende na muwe nazo kwenye simu ya mzazi ambaye hakushuka.